Kilomita Thelathini Ndani ya Ghala

Ukionekana unakimbia kwenye barabara ya kutoka Bariadi kwenda Lagangabilili, hakuna atakayedhani uko mazoezini. Watajua kuna jambo. Mimi nilijifunza hilo Jumamosi moja asubuhi, jua halijawa kali, nikiwa nimevaa taiti nyeusi na kanga nimeifunga kiunoni kwa kuwaheshimu watu. Nilipita mbele ya mji mmoja wenye zizi kubwa. Mama aliyekuwa anakamua akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, kisha akaniangalia tena.

"Kuna nini huko?" akauliza.

"Hakuna kitu, mama! Nafanya mazoezi!"

Nadhani alidhani namficha. Sikumaliza hatua ishirini kabla hajapiga mwano, lile yowe la kuitana ng'ombe wakiibiwa, na yowe likapokewa mji wa pili na wa tatu. Wanaume wakatoka na fimbo, mmoja na panga, wakaungana nami barabarani. Tulikimbia pamoja karibu nusu kilomita, mimi nikiwa mbele kama kiongozi wao, hadi mmoja aliyekuwa anahema kuliko mimi alipouliza wezi wameelekea wapi.

Nilisimama, nikaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili hakikusaidia. Baba mmoja mtu mzima akanitazama kuanzia raba hadi kanga.

"Yaani unakimbia tu?"

"Ndiyo, baba."

"Na ng'ombe wako hawajaguswa?"

"Sina ng'ombe."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Nilimsikia akiwaambia wenzake, wakati wanarudi, kwamba mtu asiye na ng'ombe hata akili hutafuta pa kwenda.

Hilo ningelivumilia. Lakini wiki mbili baadaye bodaboda iliyokuwa imebeba magunia mawili ya mpunga ilinipitia karibu mno, kioo chake kikanigonga kiwiko, nikaangukia mtaroni. Mfupa ulipata ufa mdogo. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa fizikia na huwa hapandishi sauti hata kwa kidato cha pili, siku ile alipandisha. "Barabarani hurudi," alisema. "Kimbia uani, kimbia kanisani, kimbia popote, lakini barabarani hurudi."

Na mimi nilikuwa nimeshajiandikisha kukimbia marathoni. Nilikuwa natimiza miaka arobaini na mbili, na marathoni ni kilomita arobaini na mbili na kidogo, nikaona hesabu hiyo inapendeza. Watu wazima tunafanya maamuzi kwa sababu za namna hiyo. Nafanya kazi dirisha la dawa kwenye kituo cha afya, kila siku nawaambia wenye presha watembee, wapunguze chumvi, na presha yangu mwenyewe ilikuwa juu. Nilianza kwa kutembea. Kutembea kukawa kukimbia, kukimbia kukawa kilomita kumi, na baada ya kumi sikuwa tena na mtu wa kunishauri, kwa sababu wote waliokuwa wakinishauri walikuwa wamechoka.

Ndipo nikaenda jimu.

Jimu ya karibu na kwetu ilikuwa kwenye ghala lililowahi kuhifadhi mbegu za pamba. Mbegu ziliondoka miaka mingi iliyopita lakini harufu yake ya mafuta mazito ilibaki ukutani, na joto likipanda ilikuwa inashuka na kukukalia kifuani. Mwenye jimu alikuwa mzee mstaafu, aliyekuwa afisa mifugo maisha yake yote. Alikuwa na vyuma vya kunyanyua, kioo kirefu chenye ufa, runinga moja, na mashine mbili za kukimbilia. Moja ilikuwa mbovu na ilitumika kuanikia taulo. Nyingine ilikuwa inafanya kazi, kwa maana ya kwamba ilikuwa inazunguka.

"Daktari," aliniambia siku ya kwanza, kwa sababu huku kila anayegusa dawa ni daktari, "mtu mmoja dakika thelathini. Ndiyo sheria."

"Mzee, mimi nahitaji saa tatu."

Akavua miwani. "Saa tatu za nini?"

"Za kukimbia."

"Hata punda," akasema taratibu, "hatumfanyii hivyo."

Tulikubaliana niwe nafika Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, wateja wake wengine wakiwa bado wamelala, na wakija nisishuke. Kwa kubembeleza kwingi alikubali. Nadhani alikubali ili aone nitafia wapi.

Sijui kama naweza kumweleza mtu ambaye hajawahi kukimbia saa tatu mahali pamoja. Barabarani kuna kilima, kuna mti, unaupita. Pale mbele yangu palikuwa na ukuta wa bati na kalenda ya mwaka uliopita iliyobaki kwenye mwezi wa sita. Nililisoma lile tangazo la pembejeo chini ya kalenda hadi nikaliota. Runinga ilikuwa ikionyesha stesheni moja tu, na asubuhi ile stesheni ilikuwa na kipindi cha ufugaji wa kuku, ambacho mzee alikipinga kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Feni ilikuwepo, lakini ilikuwa imeelekezwa kwa mzee.

Na mashine yenyewe ilikuwa na kichaa chake. Ikifika dakika tisini na tisa inajizima, namba zote zinarudi sifuri, mkanda unasimama, na wewe unabaki umesimama pale na miguu bado inataka kwenda. Ilinibidi niandike umbali kwa kalamu kwenye kiganja kabla haijajizima. Jasho lilikuwa linafuta. Mara mbili nilibishana na nafsi yangu kama nilikuwa kilomita kumi na tatu au kumi na nne, na kwa kuwa mimi ni mwoga wa kujidanganya, mara zote mbili nilichagua namba ndogo.

Mwezi wangu wa pili pale jimu, mama mkwe akaja. Alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho, na alitakiwa kukaa mjini wiki sita ili awe anaangaliwa kliniki. Kwao ni Itilima, ndani kabisa, na ni mwanamke ambaye hajawahi kukaa mchana mzima bila kazi wala mtu wa kuzungumza naye. Mume wangu Jumamosi alikuwa na masomo ya ziada shuleni. Watoto wako bweni. Kumwacha peke yake na jicho limefungwa sikuweza, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza nilimshika mkono, tukaenda wote ghalani, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki na beseni lake la karanga za kubangua.

"Mwangaluka," akamsalimu mzee wa jimu.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu." Akageuza jicho lake zima akaiangalia mashine. "Hiki ndicho anachopanda?"

"Ndicho."

"Kinampeleka wapi?"

Mzee, ambaye alikuwa akisubiri swali hilo tangu nilipoanza kuja, akacheka hadi akakohoa.

Nilipanda. Nilibonyeza kasi yangu, kilomita tisa kwa saa, kasi ambayo kwa mahesabu yangu ingenimalizisha mbio ndani ya saa nne na dakika arobaini. Mama akatulia kama dakika kumi. Kisha akaanza.

"Ng'wanone, mwanangu, umekunywa uji?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona unahema hivyo?"

"Nakimbia, mama."

"Basi punguza."

Alizungumza kwa saa tatu na dakika ishirini. Alizungumzia mbuzi wa jirani walioingia kwenye choroko zake. Alizungumzia jicho. Alizungumzia shangazi wa mume wangu ambaye alimkimbia mume wake wa kwanza, lakini huyo, alisema, angalau alikimbilia mahali. Kila baada ya muda alinyamaza na kuniuliza kitu kinachohitaji jibu refu, kama vile kwa nini hatujachimba kisima. Niliitikia kwa "ee" na "mm", naye akalalamika kwa mzee kwamba siku hizi wakwe hawaongei. Nilipofika kilomita thelathini alikuwa amemaliza beseni zima, na maganda ya karanga yalikuwa yamezagaa sakafuni hadi kwenye vyuma.

Jumapili baada ya ibada nilimsikia akiwaeleza kina mama wenzake nje ya kanisa. "Mkwe wangu ni mtu mzuri. Mchapakazi. Ila kuna kitu Jumamosi kinampata."

Wiki iliyofuata, na iliyofuata, ikawa hivyo hivyo. Nilimwomba mume wangu ahamishe masomo yake. Akasema mitihani iko karibu. Nilimwomba mama akae kwa jirani. Akasema jirani anaongea sana.

Jumamosi ya nne, nikiwa kilomita ya ishirini na sita, umeme ukazimika. Si umeme wa mji, ni uniti za mzee, alisahau kununua. Mkanda ulikwama ghafla na mwili wangu haukukwama. Nilipiga kifua kwenye upau wa mbele, goti likasaga kwenye ukingo wa mashine, nikajikuta nimekaa chini kwenye maganda ya karanga, pumzi hazipandi wala hazishuki.

Mama alikuwa wa kwanza kunifikia. Mtu wa miaka sabini na kitu, jicho moja limefungwa, aliniinua kwapani kama anavyoinua ndama. Kisha akamgeukia mzee. Sitaandika yote aliyosema, na mengi hayana Kiswahili chake. Kwa ufupi alimwambia kwamba mwenye zizi anajua mlango wa zizi lake, na kwamba kama hajui kilicho kwenye mita yake, asiwafungie wake za watu humo ndani. Mzee alisimama mikono nyuma. Kisha, afisa mzima aliyewahi kuchanja ng'ombe wa wilaya nzima, akainama kuokota maganda ya karanga.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji. Njiani nilidhani atanionea huruma. Alisema, "Na wewe pia. Mtu mzima na akili zako."

Goti lilivimba, nikapumzika wiki nzima kwa hasira. Ndipo mume wangu, ambaye muda wote huo hakuwahi kuikanyaga ile jimu, akaamua kuonyesha anajali. Alikuja nami Jumamosi iliyofuata, kabla ya masomo yake, na futi kamba, chaki na simu yake.

"Nataka kuhakikisha mashine ni salama," akasema.

Aliinama, akapima mkanda wote kwa futi: mita mbili na sentimita themanini. Akachora alama ya chaki juu yake. Akaniambia nipande, niweke kasi yangu ya tisa. Kisha akachuchumaa pembeni akihesabu kila alama ikipita, dakika nzima, kisha dakika nyingine, kisha ya tatu. Mama na mzee walikuwa wanamwangalia. Aliandika kwenye karatasi. Akafuta. Akaandika tena. Naijua ile sura yake, ni sura anayokuwa nayo akipata jibu sahihi, na jambo hilo humfurahisha kuliko jambo lolote duniani.

"Mkanda unateleza," akasema. "Ukiwa juu yake, mota inazunguka kwa tisa, lakini mkanda wenyewe unakwenda saba na nusu."

"Maana yake?"

"Maana yake ikisema thelathini, umekimbia ishirini na tano."

Nilishuka. Nilikaa kwenye ukingo wa ile mashine mbovu, katikati ya taulo. Nilikuwa nimekimbia thelathini mara tatu. Niliandika thelathini hizo ukutani nyumbani, kwenye karatasi, na niliwaambia watu kazini. Kucha mbili zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa ajili ya thelathini. Na zilikuwa zimebaki wiki nne tu kabla ya mbio.

"Lakini ni vizuri tumejua," akaongeza mume wangu. "Kisayansi, ni vizuri."

Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba alikuwa na miezi mitatu ya kuja kuhesabu, na hakuja hata kunishikia chupa ya maji. Kwamba niliingia humu ghalani kwa sababu yake. Kwamba kama angeniacha barabarani, kilomita ingekuwa kilomita. Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Mzee akazima runinga kwa adabu, jambo lililozidisha ukimya.

Mama alikuwa na ganda la karanga mkononi. Akamwambia mwanawe, kwa Kisukuma, polepole, "Mimi nimekaa hapa. Jua linatoka yuko juu ya kile kitu, jua liko pale yuko juu ya kile kitu. Hizo saa wewe umezipima?"

Mume wangu akasema, "Mama, saa si umbali."

"Sikukuuliza umbali."

Mume wangu akakunja futi yake, akaikunja vibaya, akaikunja tena. Nilidhani mama sasa yuko upande wangu, na nilikuwa nimeanza kulia kidogo kwa ajili hiyo, hadi aliponigeukia na kusema kwamba hayo yote yasingetokea kama ningekuwa nimechimba kisima.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Nilikuwa nimepiga hesabu: ili nipate thelathini na mbili za kweli, mashine ilipaswa kusoma thelathini na nane na nusu. Mume wangu aliomba mwalimu mwenzake amshikie masomo, akaja na kusimama pembeni na chupa ya maji yenye chumvi na sukari. Hakusema namba yoyote. Mzee alikuwa amejaza uniti na akanionyesha risiti kabla sijapanda, kisha akaisogeza ile feni, akaielekeza kwangu. Nilikimbia kwa saa nne na robo. Mashine ilijizima mara mbili, na mara zote mbili mume wangu aliandika umbali kwenye daftari. Kwenye saa ya nne nilitukana kalenda. Mama alisinzia.

Nilipomaliza sikusikia furaha niliyokuwa nimejiahidi. Nilisikia tu kwamba sasa naweza kushuka.

Mbio zenyewe zilikuwa Mwanza. Tuliondoka Bariadi siku moja kabla, tukapita Busega, pale Kalemela tukakuta watu wako shambani na wengine wanaanika dagaa, na mimi nilikuwa naangalia kila kilima kwa woga mpya. Ghalani hakuna kilima. Sikuwa nimekanyaga lami kwa miezi minne. Hilo nililijua, lakini kulijua na kulikanyaga ni vitu viwili.

Kilomita ishirini za kwanza nilikuwa mjinga wa furaha. Kulikuwa na upepo! Upepo kutoka ziwani, bure, wa watu wote. Kulikuwa na watoto wanaopiga makopo, kulikuwa na mama anauza maandazi ambaye alinipa moja na kukataa hela. Kila kitu kilikuwa kinapita. Nilikimbia haraka kuliko nilivyopaswa kwa sababu hakukuwa na kitufe cha kunizuia.

Kwenye kilomita ya thelathini na moja mapaja yalikataa. Si kuuma, kukataa. Kushuka mlima, jambo nililodhani ni mapumziko, kulinivunja kabisa, maana miguu yangu haikuwahi kushuka popote. Nilitembea. Nilikimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, kisha nikatembea nguzo mbili. Mzee mmoja mwenye mvi, mkimbiaji, alinipita akasema, "Pole, binti, kaza tu," na nikamchukia kwa moyo wangu wote kwa kilomita nzima.

Nilivuka mstari kwa saa tano na dakika hamsini na moja. Vijana walikuwa wameanza kukunja mahema. Mwanamke mwenye kisanduku akaniangalia namba kifuani, akaangalia ndani ya kisanduku.

"Dada, hongera sana. Medali zimeisha. Andika namba yako ya simu, tutakutumia."

Niliandika. Saba yangu ilionekana kama moja, nikaiandika upya. Hadi leo hakuna aliyepiga. Mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa kamba na kandambili zangu mkononi. Alipiga magoti pale pale kwenye lami, mbele za watu, akanifungua raba moja moja, akaziona zile kucha. "Pole, mama watoto," akasema. Nililia basi, nililia vizuri, na sikujua kama ni kwa ajili yake au kwa ajili ya medali.

Jumatatu nilikuwa dirishani kwangu. Ngazi ya kuingilia stoo niliishuka kinyumenyume nikiwa nimeshika ukuta. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama wa Nyalikungu anayefuata dawa za presha kila mwezi, ambaye alishasikia habari zote, kwa kuwa Bariadi hakuna siri.

"Daktari, hongera! Nasikia ulienda kwenye mbio."

"Asante, mama. Nimemaliza."

"Ukawa wa ngapi?"

"Mama, zile ni kilomita arobaini na mbili. Kumaliza tu..."

"Nimesikia. Lakini ukawa wa ngapi?"

Nyuma yake foleni nzima ilikuwa imeinua shingo ikisubiri jibu. Nikachukua kadi yake, nikamuuliza kama bado anaweka chumvi mezani.